Mnyamavu aliyechaguliwa katibu: klabu ya kuhutubia inasaidia kweli?

WakalaBusia

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi naijua. Mtu akileta karatasi za mzigo wa vitenge au vipuri vya pikipiki, najua unaingia kifungu gani cha ushuru kabla sijafungua kompyuta, na wenzangu wakikwama kwenye mfumo mimi ndiye wanayempigia. Shida yangu ni kuongea mbele ya watu. Tukiwa wawili watatu ofisini naeleza vizuri tu. Watu wakijaa chumba na ofisa mkuu ameketi mbele, koo linafunga, moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, na jambo nililokuwa nalo kichwani tangu asubuhi linatoweka. Juzi juzi tulikuwa na kikao kuhusu malori yanayochelewa kuvuka. Kijana mmoja, ambaye jana yake mimi mwenyewe nilimchambulia kiini cha tatizo, ndiye aliyesimama akalisema. Akapigiwa makofi. Simlaumu hata kidogo, maana alisema na mimi nilinyamaza. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Sasa chama chetu cha mawakala kimenichagua katibu. Kila mwaka bajeti ikishasomwa mwezi wa 6, mabadiliko ya ushuru huanza kutumika tarehe 1 Julai, na katibu wetu ndiye husimama mbele ya wafanyabiashara kuwaeleza nini kimepanda na nini kimeshuka. Wengi ni akina mama wanaovusha nafaka, samaki na nguo. Wanataka kuelezwa kwa Kiswahili, polepole, na maswali yao ni makali kwa sababu ni mtaji wao unaozungumzwa.

Rafiki yangu wa Kampala ananishauri nijiunge na Toastmasters, zile klabu za kujizoeza kuhutubia. Naomba kujua kutoka kwa aliyepita huko: inamsaidia kweli mtu mwoga, au ni mahali ambapo waliojaliwa ulimi wanakwenda kusikilizana? Na mtu wa mpakani kama mimi, karibu kilomita 200 kutoka Kampala, atahudhuria vipi?

MamaBombo

Marahaba mwanangu. Nitakujibu kwa urefu, univumilie, maana jambo hili lina nafasi yake moyoni mwangu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, mhasibu kwa kazi. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo binti husema akiulizwa, na mimi hata nikiulizwa nilijibu kwa kichwa. Kazini Kampala nilikuwa naandika ripoti safi, halafu meneja anakwenda kuisoma yeye mbele ya bodi. Aliyenipeleka klabuni ni mwenzangu wa idara ya mauzo. Tulikaa mstari wa nyuma. Mgeni halipi kitu na halazimishwi kusema. Unataja jina lako, ukipenda unaongeza neno, usipopenda unakaa.

Wengi hudhani pale watu wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine kuonyesha ufundi wao. Hotuba zilizoandaliwa zipo, nyingi za dakika 5 hadi 7. Lakini baada yake huja maswali ya papo kwa papo, ambapo unaitwa ghafla, unapewa swali ambalo hukulitarajia, na unalijibu kwa dakika 1 hadi 2. Kisha tathmini: kila aliyehutubia amepangiwa mtu wa kumsikiliza, naye husimama dakika 2 hadi 3 kusema kipi kilimgusa na kipi kirekebishwe. Na katikati ya yote hayo kuna kazi ndogo ndogo. Yupo mtunza muda, yupo anayehesabu zile "aaa" na "yaani" zinazoingia bila kazi, yupo anayesikiliza lugha, na yupo anayeongoza mkutano wa siku hiyo.

Mimi nasema hivi, na nimeliona kwa wengi niliowapokea baadaye: hotuba humnoa mtu, lakini aibu huondolewa na zile kazi ndogo. Utaambiwa jipe moyo, vuta pumzi, jitazame kwenye kioo. Kioo ndiyo shida yenyewe. Mwenye aibu anajitazama mno: nimesimamaje, sauti yangu ikoje, wananionaje. Mpe kazi ya kumhudumia mwenzake na macho yake yatahama kutoka kwake mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza muda. Nilipewa simu ya kuhesabia dakika na kadi tatu, kijani, njano na nyekundu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na taa za klabu za kuonyesha muda haziwaki. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, unainua kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Mhutubiaji wa kwanza alikuwa wakili, mtu mzito, anayezoea kusikilizwa. Dakika ya 7 ilipofika nikainua nyekundu. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, nauona mpaka leo, na ukumbi mzima hakuna hata mmoja aliyeuangalia mkono. Waliangalia kadi. Wakili akaiona, akafunga maneno yake kwa sentensi mbili, akakaa. Mwisho wa mkutano nikaitwa kutoa ripoti ya muda. Nikasimama nikasoma majina na dakika za kila mmoja. Koo halikukauka, kwa sababu wale watu walikuwa wanangoja nilichokuwa nacho kwenye karatasi.

Na wewe una karatasi wanayoingoja, mwanangu. Hao akina mama hawaji kuangalia umesimamaje. Wanakuja kujua gunia litatozwa nini.

Hotuba ya kwanza kabisa ni ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6, unazungumza juu ya maisha yako. Ile usiiogope, hakuna anayeyajua maisha yako kuliko wewe.

Jambo lililonikuza kama kiongozi lilikuwa tathmini. Mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, alihutubia juu ya ufugaji wa mbuzi. Ana mambo huyo mzee! Lakini macho yake yalikuwa kwenye feni ya darini mwanzo hadi mwisho, na mtathmini wake nilikuwa mimi. Kwetu humwambii mtu wa rika la baba yako kwamba hapa umekosea. Nilishika ile fomu ya tathmini nikaitazama mpaka zamu yangu ikafika. Nikasema: "Mzee wangu, ulipotuonyesha namna masikio ya mbuzi mgonjwa yanavyolegea, meza yetu nzima ilisogea mbele. Pale ndipo nilipotamani unitazame, nijue unaniambia mimi. Safari ijayo chagua watu watatu, huyu wa kushoto, huyu wa katikati, huyu wa kulia, na kila mmoja umpe sentensi nzima kabla hujamhamia mwenzake." Akatoa kalamu akaandika. Hotuba yake iliyofuata alitutazama usoni.

Kutafuta neno la kweli ambalo mtu ataweza kulipokea, ulisimamie mbele ya wote, ukijua yeye amejiweka mikononi mwako, ndiko kulikonifundisha kuongoza. Leo nina vijana chini yangu ofisini. Hesabu za mmoja zikienda kombo, naanza na pale alipopatia, kisha nasema kitu kimoja tu cha kurekebisha, na namwambia jinsi ya kukirekebisha. Nimeyatoa kule.

Baadaye nilichaguliwa kusimamia ratiba ya elimu ya klabu, kisha nikawa rais wake. Watu wa klabu wote wamejitolea. Mhutubiaji anakupigia saa saba mchana kwamba leo hafiki, na mkutano ni jioni. Huna mshahara wa kumkata wala barua ya onyo ya kumwandikia. Una simu, una adabu yako, na una jinsi ulivyoishi na watu. Aliyeweza kupanga mkutano kwa njia hiyo, chama cha mawakala hakitamshinda.

Kuhusu umbali: tangu wakati wa korona klabu nyingi zina mikutano ya mtandaoni au zinachanganya, wengine ukumbini na wengine kwenye skrini. Anza kama mgeni mtandaoni, na usikae kimya. Kabla ya mkutano mwandikie anayepanga ratiba, omba kutunza muda. Hiyo kazi hata mgeni huweza kupewa.

FundiArua

Nawasalimu kutoka Arua. Maneno ya Mama nayaheshimu, ila dada wa Busia asikimbilie kulipa ada kabla hajaangalia alichonacho karibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, shule niliiacha mapema. Kuongea nilijifunza kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mnajua sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, kila wiki tunakaa chini ya mwembe, tunanunua hisa, tunahesabu pesa kwa sauti, kila mtu anasikia. Walinipa uenyekiti kwa sababu hawakumpata mwingine ambaye wote walimwamini. Ukisimama kumwambia mama wa watoto wanne kwamba mkopo wake umechelewa na sheria ya kikundi ni faini, mbele ya majirani zake wote, hapo utajifunza kuongea usitake usipende. Na utajifunza kuongea bila kumvunja mtu, kwa sababu kesho mnakutana kisimani.

Hizo klabu za mjini nilialikwa mara moja na mteja wangu. Watu wamevaa vizuri, Kiingereza kinatiririka, kila aliyemaliza anapigiwa makofi. Nikajiuliza, kati ya hawa nani amewahi kusema neno ambalo mwenzake hakutaka kulisikia? Makofi ya kila dakika hayamjengi mtu. Na ada yake si ndogo kwa mtu wa kipato chetu. Mimi nasema aanzie kwenye chama chake mwenyewe. Asome kumbukumbu za kikao kwa sauti kila wanapokutana, atazoea.

MamaBombo

Fundi, nakushukuru, na habari ya sanduku naikubali yote. Uenyekiti wa chini ya mwembe ni mgumu kuliko wangu wa ukumbini, nasema kweli.

Hebu tujibizane kwa jambo moja tu. Miaka yote uliyoongoza kikundi, nani alikaa akakusikiliza kwa kalamu, kisha akakuambia: hapa ulipoharakisha, wale wa nyuma hawakukusikia, hapa uliponyamaza kidogo, neno liliingia? Kwenye kikundi, chamani, msikitini, kanisani, mtu anazungumza miaka na miaka na hakuna anayemwambia kitu. Wakichoka wanaacha kuja, basi. Klabu imetenga watu na dakika kwa ajili ya kukuambia. Hilo sijaliona penginepo.

Makofi ninayakubali kwa mtu wa mara ya kwanza, maana amevuka mto. Kwa mzoefu, klabu inayopiga makofi tu bila kumwambia kitu imeacha kazi yake. Zipo za namna hiyo. Ndiyo maana nashauri mtu atembelee mbili au tatu kabla ya kutoa shilingi yake. Sikiliza tathmini. Ukisikia "hongera, safi sana" kwa kila mtu na hakuna zaidi, nenda kwingine.

Ada ya makao makuu ni dola 60 kila miezi 6, yaani zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu, na klabu nyingine zina nyongeza yao. Fundi amesema kweli, si ndogo. Na kusoma kumbukumbu za kikao kwa sauti ni shauri zuri, dada alichukue leo leo.

MwalimuTororo

Wapendwa, nimewasoma nikafurahi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, jirani yako hapo Tororo. Nina mawili ya kuongeza.

La kwanza. Mwanzilishi wa Toastmasters, Ralph Smedley, alikuwa mfanyakazi wa YMCA, shirika la vijana la Kikristo, huko Marekani. Mwaka 1905, mjini Bloomington, Illinois, aliona vijana wanaokuja pale hawajui kusema mbele ya wenzao wala kuendesha kikao, akawaundia kikundi cha jioni. Kikundi kilichokuja kuwa chimbuko la shirika la leo kilikutana kwa mara ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1924, katika chumba cha chini cha jengo la YMCA la Santa Ana, California. Wanawake walifunguliwa mlango rasmi mwaka 1973 tu. Nalitaja hili kwa sababu ya mjadala wa Fundi na Mama. Tangu mwanzo kusema na kuendesha kikao vilifundishwa pamoja, kwa watu wa kawaida, kwa zamu, wenyewe kwa wenyewe. Hakukuwa na profesa. Kikundi cha Fundi chini ya mwembe kina nusu ya mambo hayo tayari. Kilichobaki ni tathmini.

La pili ni lugha. Dada atawaeleza wafanyabiashara kwa Kiswahili, kwa hiyo akijizoeza kwa Kiingereza peke yake atafika kwenye kikao na ushujaa lakini bila maneno. Namna ya kusema "thamani ya mzigo kwa ajili ya ushuru" ili muuza dagaa aielewe inahitaji mazoezi yake yenyewe. Baraza la Mawaziri lilipitisha mwezi Julai 2022 utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi, na mpakani hatukuwahi kungoja baraza. Soko letu linakiongea asubuhi hadi jioni. Tunachokosa ni mahali pa kukisema kwa mpangilio, mbele ya watu wanaotusahihisha kwa upendo.

Klabu rasmi ya Toastmasters huhitaji wanachama 20 ili isajiliwe, na inaweza kuendeshwa kwa lugha yoyote. Sisi tusianzie huko. Nina wastaafu wenzangu wawili, mhudumu mmoja wa zahanati, na vijana wa boda wawili ambao wanataka kugombea uongozi wa steji yao. Tukutane Jumamosi alasiri, tuanze na hotuba mbili, maswali ya papo kwa papo, na tathmini, kila kitu kwa Kiswahili. Kadi nitakata mwenyewe kwenye maboksi. Busia na Tororo si mbali, dada, taksi ni nyingi.

Fundi, ukipita huku na kazi zako karibu sana uwe mtathmini. Tunahitaji mtu mgumu.

FundiArua

Mwalimu, hiyo ya maboksi naiunga mkono. Nitajaribu habari ya tathmini kwenye kikundi chetu. Nitamwomba katibu anisikilize kikao kijacho, aniambie mambo mawili. Sijui atathubutu, ni binti mpole kama huyu dada.

WakalaBusia

Jamani, sikutegemea majibu ya namna hii. Asanteni kwa kuniandikia kana kwamba mnanijua.

Nimeshamwandikia mpanga ratiba wa klabu moja ya Kampala inayokutana mtandaoni, nikaomba kutunza muda. Amejibu ndani ya saa moja, amenikubalia, na amenitumia maelezo ya dakika na rangi. Moyo ulidunda niliposoma, lakini nimeyaandika kwenye daftari. Na Mwalimu, Jumamosi nakuja. Nitakuja na mwenzangu mmoja wa kike, naye ni mnyamavu, anasimamia karatasi za mizigo ya transiti, ile inayopita tu kwenda nchi nyingine. Kumbukumbu za kikao nitaanza kusoma mwenyewe. Hadi sasa nilikuwa nazigawa kwa nakala.

Bado nina hofu ya Julai. Mama, kama ni wewe unasimama mbele ya wale akina mama, viwango vimebadilika na wengine wamekasirika kabla hujafungua mdomo, ungeanzaje?

MamaBombo

Ningefika mapema, nisimame mlangoni, niwasalimu mmoja mmoja wanapoingia, niwaulize wanavusha nini. Wakishakaa, chumba kina sura unazozijua, na umeshapata mifano yako humo humo.

Kisha usianze na bajeti wala sheria. Anza na bidhaa ya mmoja wao, kwa ruhusa yake: "Mama hapa anavusha mchele. Mwezi jana alilipa hivi. Kuanzia tarehe 1 atalipa hivi, na karatasi anayotakiwa kuwa nayo ni hii." Iinue karatasi waione. Mabadiliko yakiwa kumi, chagua matatu yanayowagusa wengi, mengine yaandike kwa herufi kubwa ubandike ukutani. Sentensi yako ya kwanza ikariri kabisa, neno kwa neno, hata usingizini uiseme. Zinazofuata zitakuja.

Mwenye hasira mwache amalize. Rudia swali lake kwa maneno yake, ajue umelisikia, na wa nyuma nao walisikie. Jibu kama unalijua. Kama hulijui, muulize jina na namba ya simu hapo hapo mbele ya wote, iandike kwenye daftari, mwambie siku utakayompigia. Na siku hiyo umpigie, hata kama ofisini bado hawajakupa jibu.

Jumamosi baada ya kikao cha Mwalimu, andika hapa imekwendaje.